Netrino za Jua: kazi ya Raymond Davis na jibu ambalo hakulifuta



Tuseme mwalimu wa fizike anatuagiza kupima namna jiwe linavyoanguka. Kila kundi linapima, linahesabu, linaandika. Kiisha tunafungua buku. Buku linasema 9,8. Kaye yako inasema 7,1. Sasa unafanya nini? Wengi wetu tunajua kinachofanyika. Mutu anatazama huku na huku, anafuta 7,1 na kuandika 9,7. Hata haandike 9,8 sawasawa, juu mwalimu asizani ameiba. Pointi anazipata. Lakini kuna kitu ameharibu, na katika funzo hili tunataka kuona ni kitu gani.

Tutafwata kazi ya mutu mumoja wa sayansi, Raymond Davis wa Marekani. Karibu miaka makumi tatu alipima kitu kimoja ndani ya shimo la zahabu, na kila mara jibu lake lilikataa kupatana na jibu ambalo wakubwa wa fizike walikuwa wanangojea. Hakulifuta. Tuone habari hii polepole, maana iko na fizike, iko na shimi, na mwisho inatufikisha kwa ulizo ambalo hata leo halijapata jibu: dunia yote na nyota zote zimefanywa kwa kitu gani?

1. Netrino ni kitu gani?

Wale wa kalasi za juu wamekwisha kusoma kwamba atomu zingine zinavunjika zenyewe na kutupa elektroni inje. Zamani watu wa sayansi walipopima nguvu mbele ya kuvunjika na nguvu nyuma ya kuvunjika, walikuta pungufu. Nguvu ingine imepotea. Lakini tunajua kwamba nguvu haipotei bure; inageuka tu. Basi imekwenda wapi?

Katika mwezi wa 12 wa mwaka 1930 Wolfgang Pauli aliandikia wenzake barua. Aliwaza kwamba pamoja na elektroni kunatoka kitu kingine kadogo sana, kasiko na umeme, nako ndiko kanabeba ile nguvu inayokosekana. Enrico Fermi wa Italia akaeneza jina la netrino, maana yake katika luga yao kale kadogo kasiko upande wa umeme huu wala ule.

Ubaya wa netrino ni kwamba haigusani na vitu. Mwangaza unazuiwa na karatasi, lakini netrino inapita katika ukuta, katika mulima, katika dunia yote, sawa vile hakuna kitu mbele yake. Frederick Reines na Clyde Cowan ndio waliofaulu kuionyesha mara ya kwanza, katika 1956, karibu na mashini kubwa ya nguvu za atomu kule Savannah River, Marekani. Tangu barua ya Pauli miaka 26 ilikuwa imepita.

Jua letu linatoa netrino nyingi kupita kadiri. Ndani ya moyo wa Jua, kwenye moto wa digri karibu milioni 15, hidrojeni ine zinaungana na kufanya heliumu moja, na netrino mbili zinatoka. Kila segonde, netrino kama miliari 60 za Jua zinapita katika ukucha wa kidole chako. Hata usiku zinapita. Wakati Jua liko upande mwingine, zinapenya dunia yote na kukutokea chini ya kitanda, nawe hausikii kitu.

Kwa nini tunazitafuta? Mwangaza unaotoka katika moyo wa Jua unagongana na atomu ovyo ovyo, na inachukua miaka elfu nyingi mbele ya kufika kwenye ngozi ya Jua. Netrino inatoka mara moja, na kiisha dakika 8 iko hapa kwetu. Basi mutu anayetaka kujua moto wa moyo wa Jua uko namna gani leo, lazima aulize netrino. Mujumbe mwingine kama huyu hakuna.

2. Mutu wa shimi kati ya watu wa fizike

Raymond Davis alizaliwa Washington katika 1914. Hakuwa mutu wa fizike. Alisoma shimi, akapata doktora katika Yale mwaka wa 1942. Kiisha vita, katika 1948, aliingia kutumika katika laboratware kubwa ya Brookhaven, karibu na New York. Alipofika aliuliza mukubwa wa kazi ya shimi: «Nifanye kazi gani?» Akaambiwa aende katika nyumba ya mabuku, asome, ajitafutie kitu kitakachomupendeza. Davis akasoma habari ya netrino, na akashikwa nayo maisha yake yote.

Njia yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa katika 1946 na Bruno Pontecorvo, mutu wa Italia aliyekuwa wakati ule Kanada. Muiandike katika kaye:

netrino + klori 37 → argoni 37 + elektroni

Maana yake: netrino ikigonga atomu ya klori, inaigeuza kuwa argoni. Klori tunaipata kwa wingi na bei yake si kubwa. Argoni ni gazi isiyoungana na kitu kingine, kwa hiyo inaweza kutolewa inje. Tena argoni 37 haikai sana: kila siku 35 nusu yake inavunjika, na ikivunjika inatoa kaalama kadogo tunachoweza kuhesabu. Kazi kama hii ni kazi ya mutu wa shimi kweli.

Davis alianza karibu na mashini za atomu. Hakupata kitu. Leo tunajua sababu: mashini hizo zinatoa netrino za kinyume, nazo hazigeuze klori. Alipoandika habari ya majaribio ya kwanza, mumoja wa wale waliosoma maandiko yake alimuchekelea. Alisema ni sawa na mutu anayepanda kilima, ananyoosha mukono kushika mwezi, kiisha anaandika kwamba mwezi uko mbali kupita urefu wa mukono wake. Davis hakukasirika. Alijua tu kwamba mukono unapaswa kuongezwa urefu.

3. Tanki katika shimo la zahabu

Rafiki aliyemusaidia alikuwa kijana mumoja wa hesabu za nyota, John Bahcall, aliyezaliwa katika 1934. Yeye alihesabu kwa kalamu na kwa ordinatere: Jua linatoa netrino ngapi, na ngapi kati yake zitageuza klori. Katika 1964 wote wawili waliandika pamoja, kila mutu habari yake: Bahcall alionyesha hesabu, Davis alionyesha kwamba tanki kubwa ya kutosha itaweza kuzipata.

Lakini tanki haiwezi kuwekwa inje. Toka mbinguni kunanyesha mionzi siku zote, nayo pia inaweza kufanya argoni katika klori. Hapo ungehesabu mionzi na kuzani ni netrino. Dawa ni moja: kushuka chini sana, pahali ambapo mawe yanazuia mionzi, lakini hayazuie netrino. Wenzetu waliozaliwa Kipushi hawatashangaa sana kwa habari ya shimo refu, maana mugodi wao unashuka zaidi ya metre 1.000. Davis alipata pahali katika mugodi wa zahabu wa Homestake, katika muji wa Lead, South Dakota, metre 1.478 chini ya udongo.

Wachimbaji walichimba chumba kikubwa. Vipande vya chuma vilishushwa katika shimo, tanki ikaunganishwa kule kule chini: urefu karibu metre 15, upana wa metre 6. Kiisha wagoni kumi za gari la moshi zikaleta dawa ya kuijaza: litre 380.000, uzito wake tani 615. Dawa ile si kitu cha ajabu. Ni ile inayotumiwa na wafua-nguo wa mijini kwa kusafisha makoti bila maji na sabuni. Iko na klori nyingi, ndiyo maana.

Sasa muangalie kazi yenyewe. Ndani ya tanki kuna atomu za klori 37 kama 2 ikifwatwa na sufuri 30. Kati ya hizi zote, Bahcall alihesabu kwamba Jua litageuza kama atomu moja na nusu kwa siku. Atomu, si gramu! Davis aliacha tanki karibu miezi mbili, kiisha akapitisha gazi ya heliumu ndani ya dawa kama povu. Heliumu ilibeba argoni. Argoni ikanaswa katika makaa yaliyofanywa baridi sana, kiisha ikaingizwa katika chombo cha kuhesabia kidogo kuliko kidole. Kutafuta chembe moja ya muchanga katika jangwa ni mwepesi kuliko kazi hii.

4. Moja juu ya tatu

Katika 1968 Davis alitoa jibu la kwanza. Netrino zilikuwa chache kupita hesabu. Aliendelea kupima mwaka kwa mwaka, chombo kikawa kizuri zaidi, na namba ikakaa pale pale: karibu nusu ya atomu kwa siku, pahali pa moja na nusu. Ni kusema moja juu ya tatu. Mbili juu ya tatu hazikuonekana.

Tufahamu uzito wa neno hili. Kama hesabu ya Bahcall ilikosa, basi watu hawajui kwa nini Jua linawaka. Na kama hawajui habari ya Jua, nyota iliyo karibu nasi, watasema nini juu ya nyota za mbali? Wengine walifika hata kuuliza kama moto wa moyo wa Jua umepunguka, na sisi hatujaona bado, juu mwangaza tunaouona ulitoka moyoni zamani sana. Haikuwa ulizo la muchezo.

5. Nani amekosa?

Kulikuwa njia tatu tu.

(a) Davis amekosa. Wengi walisema hivi. Mutu anatafuta atomu kumi na kitu ndani ya tani 615. Hakika zingine zinamupotea. Davis hakujibu kwa maneno. Alijibu kwa majaribio. Alitia ndani ya tanki atomu za argoni ambazo hesabu yake inajulikana, kiisha akazitafuta. Akazipata karibu zote. Kila mara mutu alipoleta shaka mupya, Davis alisikiliza, na kama shaka iko na maana, alifanya jaribio kwa ajili yake.

(b) Bahcall amekosa. Aina ya netrino ambazo tanki ilizipata zaidi zinatoka katika atomu za boro ndani ya Jua, nazo zinafwata moto wa moyo wa Jua kwa nguvu sana. Moto ukipunguka kidogo tu, zinapunguka sana. Basi kosa dogo lingetosha. Bahcall alirudia hesabu zake miaka na miaka. Katika miaka ya 1990 wenzake wengine walipima namna Jua linavyotetemeka, sawa vile tunavyopima tetemeko la udongo. Matetemeko yale yalikubali kwamba ndani ya Jua kuko sawa na hesabu ya Bahcall.

(c) Netrino yenyewe inafanya kitu ambacho buku halisemi. Pontecorvo, aliyekuwa sasa katika Muungano wa Sovieti, aliandika pamoja na Vladimir Gribov katika 1969 kwamba pengine netrino zinageuka aina njiani. Tunajua leo aina tatu: netrino ya elektroni, netrino ya muoni na netrino ya tau. Jua linatoa aina ya kwanza tu, na tanki ya Davis inaona hii ya kwanza tu. Kama zingine zinageuka katika safari, tanki haitaziona. Lakini kwa kugeuka hivi, netrino lazima ziwe na uzito, hata kadogo. Na mabuku yote yalikuwa yanasema uzito wa netrino ni sufuri. Kwa hiyo wachache tu walisikiliza.

Muone vizuri: watu waliwaza kwamba Davis na Bahcall hawawezi kuwa wakweli wote wawili. Mupimaji ama muhesabu, mumoja lazima amekosa. Lakini wao wawili hawakugombana. Walibaki marafiki. Hakuna aliyemuomba mwenzake apunguze au aongeze namba kidogo ili mambo yapatane.

6. Jibu kutoka Japani na Kanada

Davis aliacha kazi ya Brookhaven katika 1984, umri wake miaka 70, lakini hakuacha tanki. Alijiunga na chuo kikuu cha Pennsylvania, na kupima kukaendelea hata 1994. Katika muda huo wote alikuwa ameokota netrino za Jua karibu 2.000. Miaka makumi tatu, netrino elfu mbili!

Watu wengine sasa walianza kupima kwa njia zingine. Kule Japani, katika mugodi wa Kamioka, Masatoshi Koshiba na kundi lake walikuwa na tanki ya maji safi yenye macho ya kuona mwangaza. Tarehe 23 ya mwezi wa pili 1987 tanki ile ilipata netrino kumi na kitu kutoka kwa nyota iliyopasuka mbali sana. Kiisha, katika 1989, ilionyesha kwamba netrino zinatoka kweli upande wa Jua, na kwamba ni pungufu. Majaribio mengine kule Italia na Urusi, yaliyotumia metali ya galiumu, yalikuta vilevile pungufu. Basi Davis hakuwa peke yake tena.

Katika 1998 tanki kubwa zaidi ya Kamioka, yenye tani 50.000 za maji, ilionyesha kwamba netrino za muoni zinazofanywa na mionzi katika hewa zinageuka njiani. Zile zinazotoka juu ya kichwa zilifika zote. Zile zilizopenya dunia kutoka upande mwingine zilikuwa chache. Takaaki Kajita ndiye aliyetangaza habari hiyo.

Kwa netrino za Jua jibu lilitoka Kanada, katika mugodi wa nikeli karibu na Sudbury, kilometre 2 chini. Kundi la Arthur McDonald liliweka tani 1.000 za maji mazito katika mupira mukubwa wa plastike. Maji mazito ni maji ambayo hidrojeni yake iko na uzito mara mbili. Yalikuwa ya bei ya dola za Kanada milioni 300, nao waliyakopa tu! Faida yake ni hii: maji mazito yanaweza kuhesabu netrino za elektroni peke yake, na tena yanaweza kuhesabu aina zote tatu pamoja.

Majibu yalitoka katika 2001 na 2002. Kwa zile netrino za boro, kila segonde katika santimetre moja ya mraba:

– netrino za elektroni: milioni 1,76
– aina zote tatu pamoja: milioni 5,09
– hesabu ya Bahcall: milioni 5,05

Mugawanye 1,76 kwa 5,09, mutaona. Ni karibu moja juu ya tatu, sawa vile mutu wa shimi alivyokuwa anasema tangu 1968. Na jumla inafwata hesabu ya Bahcall. Mupimaji alikuwa na haki. Muhesabu alikuwa na haki. Kilichokosa ni sufuri ile iliyoandikwa katika mabuku kwa uzito wa netrino.

Mwaka ule wa 2002 Davis na Koshiba walipewa zawadi ya Nobel ya fizike, pamoja na Riccardo Giacconi aliyefanya kazi ingine ya nyota. Davis alitimiza miaka 88 mwaka ule. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekwisha kumushika, na mutoto wake ndiye aliyesoma hotuba kwa jina la baba. Alikufa katika 2006. Bahcall alikuwa ametangulia katika 2005, bila zawadi ya Nobel. Kajita na McDonald waliipata katika 2015.

7. Shimo lile lile, ulizo jipya

Sasa tunafika kwa ulizo ambalo bado halina jibu. Katika 1933 Fritz Zwicky, mutu wa Uswisi aliyetumika California, alitazama galaksi nyingi zinazokaa pamoja, akaona zinakimbia sana. Uzito unaoonekana hautoshi kuzishika pamoja. Katika 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi ya Andromeda. Walikuta nyota na mawingu ya mbali na katikati vinazunguka kwa mbio karibu sawa na vya karibu. Kwa hesabu ya Newton ingefaa viende polepole zaidi. Lazima kuko kitu chenye uzito kisichotoa mwangaza. Kinaitwa maada ya giza.

Kwa vipimo vya leo, maada tunayoijua, ile ya miili yetu, ya mawe na ya nyota, ni kama 5 tu kwa mia ya vyote vilivyoko. Maada ya giza ni kama 27 kwa mia. Kinachobaki, karibu 68 kwa mia, kinaitwa nguvu ya giza, na hicho tunakifahamu kidogo zaidi tena.

Mutu atauliza: kwa kuwa netrino ziko na uzito, hazionekane, tena ni nyingi kila pahali, si ndizo maada ya giza? Ulizo ni zuri, na wakubwa waliliuliza pia. Lakini jibu ni hapana. Uzito wa netrino ni kadogo sana: ni zaidi ya mara 1.000.000 nyepesi kuliko elektroni. Zote zikiwekwa pamoja hazitoshi. Tena zamani, wakati ulimwengu ulikuwa mutoto, netrino zilikimbia sana kupita kadiri, na kitu kinachokimbia hivyo hakiwezi kukaa na kukusanya galaksi. Netrino ni kipande kidogo cha jibu, si jibu lenyewe.

Basi wanaendelea kutafuta, na tazama wanatafuta wapi. Mugodi wa Homestake ulifungwa mwanzo wa miaka ya 2000, pampu zikazimwa, maji yakapanda na kujaza hata chumba cha Davis. Kiisha serikali ya South Dakota na wasaidizi wake wakautwaa kwa kazi ya sayansi. Maji yakatolewa. Katika chumba kile kile cha Davis wakaweka chombo cha ksenoni ya majimaji, kilo 370, kilichotumika hata 2016. Nyuma yake wakaweka kingine cha tani 10, kilichotoa majibu yake ya kwanza katika 2022. Vyote viwili bado kuona maada ya giza.

Je, ni kazi bure? Hapana. Kila mara wasipoona, wanajua kitu kile hakiko namna hii wala namna ile, na mabuku yanasahihishwa. Tena katika 2024 vyombo viwili vya namna hii, kimoja Italia na kingine Uchina, vilitangaza dalili za kwanza za kugongwa na netrino za boro za Jua. Ni zile zile Davis alizokuwa anazihesabu. Wanatafuta kitu cha giza, na Jua linawagongea mulango.

8. Tushike nini?

Kwanza, kukataa kufuta namba si kiburi. Mwenye kiburi anasema: «Mimi nimepima, muniache.» Davis alisema kwa kazi yake: «Namba ni hii; munionyeshe kosa, nami nitaangalia.» Kati ya mambo haya mawili kuna umbali mukubwa.

Pili, tusijidanganye. Katika laboratware yetu, buku likisema 9,8 nasi tukisema 7,1, kosa ni letu karibu kila mara. Saa ilichelewa, kamba ilipimwa vibaya, mutu aliachilia jiwe mbele ya neno. Lakini tutajua ni kosa gani kama 7,1 ingali imeandikwa. Ukiifuta, umefuta na njia ya kurudi kwa kosa. Hapo mwalimu anakupa pointi kwa kitu ambacho hukukifanya, nawe unatoka bila kujifunza kupima.

Tatu, kama Davis angeongeza namba yake kidogo kwa kuwapendeza wakubwa, hakuna aliyeweza kumukamata. Nani angeshuka metre 1.478 kuhesabu tena atomu kumi na tano? Watu wangefurahi, buku lingebaki na sufuri yake, na pengine Kanada hawangekopa maji yale mazito kutafuta kitu ambacho hakikosekani.

Basi andika 7,1. Chini yake piga mustari, andika: «Sababu ambazo naziwaza ni hizi.» Kiisha pima tena.

Maulizo ya kujijaribu

1. Kwa nini tanki ya Davis iliwekwa chini ya udongo? Mionzi na netrino vinaachana wapi?
2. Atomu 16 za argoni 37 zinabaki ngapi kiisha siku 35? Kiisha siku 70? Eleza kwa nini Davis hakuweza kuacha tanki mwaka muzima mbele ya kutoa argoni.
3. Maji mazito ya Sudbury yaliona nini ambacho tanki ya klori haikuweza kuona?
4. Kwa nini netrino hazitoshi kuwa maada ya giza? Toa sababu mbili.
5. Tazama kaye yako ya laboratware ya mwezi huu. Ni namba ngapi ulizoandika ndizo ulizozipima kweli? (Jibu hili usimupe mwalimu. Ni lako.)